Ombi la Kurusha Tamthilia kwa Siri

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu za mtazamaji wako mwaminifu, ambaye kwa hesabu yangu ndiye aliyebaki. Mwili haujambo. Moyo ndio ulioniambia nichukue kalamu.

Mimi ni fundi wa makochi. Nataja kazi yangu si kwa kujitangaza, bali ujue kwamba wewe na mimi tunategemeana: wewe unaonyesha, mimi nakalisha watu. Miaka yote nimeshona makochi nikiamini kwamba binadamu akikaa sebuleni atatazama mbele. Siku hizi mteja akija haulizi sponji wala kitambaa. Anauliza, "Fundi, soketi ya kuchajia simu itakaa mkono gani?" Nashonea watu wanaotazama mapaja yao.

Lakini hayo ni ya karakana. Ninalolalamikia ni la sebuleni kwangu, nalo linahusu tamthilia yenu ile ya daktari na bibi harusi. Niruhusu nieleze kwa namba, maana nikiiacha hasira itangulie, barua hii haitafika.

1. Kifo cha daktari. Mlitutangazia wiki nzima kwamba daktari yu mahututi, na hatima yake itajulikana Ijumaa jioni. Nikafunga karakana mapema. Nikaoga. Nikakaa. Binti yangu akapita nyuma ya kochi na sahani yake, akasema, "Baba, bado unamsubiri huyo? Si kafa tangu mchana!" Kumbe kuna mtu huko kwenu alikirekodi kipande hicho akakitupa mtandaoni kabla hamjakirusha. Nchi nzima ilishamzika daktari, ikatoa rambirambi, ikaanza kumgombania mjane, na mimi nimekaa mbele ya kioo namwombea marehemu apate nafuu.

2. Mama mkwe. Anaishi nasi, na ninamheshimu sana. Zamani tamthilia ikianza alikuwa akifuma vitambaa vya meza, akisinzia kwa adabu. Sasa ni mchambuzi. Anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, anajipaka poda, anawaambia wafuasi wake, "Wanangu, sogeeni, leo kazi ipo!" Wanawe hao mimi siwajui hata mmoja. Mwanzoni aliomba tupunguze sauti ya televisheni kidogo, kwa kuwa inamwingilia. Kisha tupunguze zaidi. Sasa tunaizima kabisa. Ndiyo, Ndugu Mkurugenzi: nyumbani kwangu tamthilia inanyamazishwa ili watu wasikie vizuri inavyozungumzwa. Siku moja nilikohoa. Akawatuliza, "Msijali wanangu, ni mkwe tu."

3. Mke wangu. Hapa naomba usome polepole.

Mimi na mke wangu tangu tuoane tunatazama televisheni kwa kubishana. Yeye yuko upande wa bibi harusi, mimi upande wa daktari. Tulikuwa tukibishana matangazo yakipita, tukahamia jikoni tukabishana juu ya vyombo, yeye anaosha, mimi nafuta. Asubuhi ananipa chai na kusema, "Na bado nasema, yule mwanamume ni mwongo." Hapo najua siku yangu itakwenda vizuri.

Sasa ameingia kwenye kundi la simu la wanaomtetea bibi harusi. Yale yote aliyokuwa akiniambia mimi anayaandika huko. Naona vidole vinakimbia, naona anatabasamu peke yake. Namuuliza, "Unacheka nini?" Ananijibu, "Aa, wewe angalia tu. Nikianza kukueleza tutakesha." Zamani ndivyo tulivyokuwa tukifanya, Ndugu Mkurugenzi. Kochi lenyewe nililishona kwa ajili ya watu wawili. Leo katikati yetu umekaa umati, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi.

4. Machozi yangu. Siku mlipomzika daktari nililia. Sioni haya, mazishi yalikuwa ya heshima. Binti yangu alinirekodi kutoka ubavuni, akaongeza muziki wa huzuni, akaniachia ulimwenguni. Kesho yake mteja wa kwanza aliingia karakana, akanitazama mara mbili, akapiga kelele, "Bwana Machozi!" Wa pili alileta kiti kisicho na ubovu wowote, ili tu apige picha nami. Wa tatu aliniomba nilie kidogo. Nilipomwambia sina msiba kwa sasa, akaniambia kwa upole kwamba hata machozi ya uongo angeyapokea.

5. Ninyi wenyewe. Nilidhani mtanitetea. Badala yake, katika kipindi chenu cha mambo yanayosemwa mitandaoni, mkanirusha mimi. Nikajiona kwenye televisheni nikilia mbele ya televisheni. Lazima niseme ukweli: jioni ile familia yangu yote iliinua vichwa. Mama mkwe aliwasha sauti kwa mkono wake. Nikasema moyoni, basi, angalau hata hili. Kisha binti akanyanyua simu akaanza kuirekodi televisheni, mama mkwe akawaita wanawe, na mke wangu akaandika kwenye kundi lake, "Huyo ni wangu." Nilichungulia nikaona. Ni maneno ambayo sijayasikia kwa masikio muda mrefu. Nikabaki peke yangu, nikijitazama nalia.

Kutokana na hayo, naomba mambo machache, yote mepesi.

Kwanza, tamthilia irushwe kwa siri. Msitangaze siku wala saa. Ikiwezekana hata ninyi msijue. Waigizaji wasielezwe wanaigiza nini, na mtunzi afichwe mwisho wa hadithi yake mwenyewe, maana huyo ndiye mvujishaji wa kwanza.

Pili, iharibuni kidogo. Bibi harusi akae kimya, afagie ua, akimaliza afagie tena, ili mama mkwe akose la kuchambua na kundi la mke wangu lisambaratike kwa usingizi. Mimi nitavumilia. Nimeshavumilia mengi.

Na kama yote hayo yatashindikana, basi zimeni matangazo yenu kwa nchi nzima, mbakize televisheni moja tu, ya kwangu. Mimi na mke wangu tutaitazama tamthilia kwa niaba ya wote. Hatutamwambia mtu.

Nisalimie wote hapo kituoni: mafundi mitambo, wapaka poda, mlinzi wa getini, na hasa mjane wa daktari. Mwambie asiwasikilize hao wanaomgombania.

Wako, bado natazama mbele,

Fundi wa Makochi
(ambaye hakumruhusu mtu yeyote kumwita Bwana Machozi)

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha mke wangu akaniuliza ninaandika nini muda wote huu, na tamthilia inaendelea. Nikamsomea. Nilipofika namba ya tatu aliigeuza simu yake kifudifudi. Halafu akasema, "Lakini na wewe, yule daktari ulizidi kumtetea." Nikamjibu. Akanijibu. Tukaendelea hivyo, sauti juu, mpaka tulipogeuka tukakuta majina ya waigizaji yanapita. Bibi harusi kaondoka na nani, wala kama kaondoka, hatujui. Naomba mkikate kipande hicho cha mwisho mtutumie kwenye simu ya mke wangu. Kiwe kifupi tafadhali, maana bado tuna maongezi.