Jukwaa la Sola na Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 2025
Leo zamu yangu ya kusugua jukwaa. Sisugui! Mimi, Isidori, mwenye kizimba cha samaki kizuri kuliko vyote huku Suguti, nipige magoti katikati ya ziwa nikwangue mavi ya mnandi? Werema, mwenyekiti wetu, eti umeme wa jua ni wa wote, kwa hiyo na usafi ni wa wote. Sawa, jukwaa la sola linaelea pale kwa faida yetu sote: vizimba vimefungwa hapo, pampu zinawapulizia sato hewa, wavuvi wa dagaa wanachajia taa zao. Lakini mavi ni ya ndege!

Nimepata dawa. Nimepangwa zamu moja na mama mkwe, Dafroza. Nikamwambia Werema kwamba kwa mila zetu mtu na mkwewe hawakanyagi ubao mmoja, hata kutazamana ni aibu. Akavua kofia! Nimeshinda.

Jumatano, 4 Juni
Mpuuzi huyu Werema! Anaheshimu mila kupita kiasi. Zamu zangu zote kampa mama mkwe, na mama kakubali. Sasa anashinda jukwaani na mwavuli wake tangu asubuhi. Mimi nalisha samaki vipi? Nimejificha ufukweni nyuma ya mtumbwi mpaka jua limenibabua shingo. Nikamwomba mke wangu Jenoveva akalishe yeye. Akasema ana mihogo yake, na kwamba wale sato ndiyo ada ya Flora chuoni Bunda; wakifa, nitamweleza mtoto mwenyewe. Kana kwamba kosa ni langu!

Ijumaa, 6 Juni
Nimeamua. Najitenga! Nimeng'oa sola ya paa la nyumba. Jenoveva kauliza atachajia wapi simu. Nikamwambia mtu mwenye maono anakuwaga mpweke. Jumapili mama mkwe akiwa kanisani nafungua kizimba changu, naanza kujitegemea.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste
Kamba nikafungua. Pampu ikaunguruma kwa sola yangu mwenyewe. Nikajipigia makofi. Mara kizimba kikaanza kutembea. Nanga! Nanga zote ni za jukwaa! Mbona hakuna aliyenikumbusha? Upepo ukatusukuma mpaka kwenye magugumaji, sola ikatumbukia, pampu kimya. Sato wakaja juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Nililia, sifichi. Akilini nilimwona Flora amerudi nyumbani na begi lake, ananitazama tu.

Ukatokea mtumbwi wa injini. Nani? Mama mkwe, na gauni lake la misa! Nikaruka majini, maji shingoni, mgongo nimempa, shati kichwani. Kusema naye moja kwa moja ni mwiko, na mtu wa kutusemea hakuna. Basi nikakiambia kizimba, kwa sauti kubwa, kwamba mwenye mtumbwi akipenda akivute. Naye akakiambia kizimba kwamba mwenyewe aache kujifunika kama maiti, arushe kamba. Nikarusha kinyumenyume. Ikampiga usoni. Hapo akakiambia kizimba maneno ambayo siyaandiki.

Akatuvuta mpaka jukwaani. Sato wengi wamepona.

Jumanne, 10 Juni
Kikao. Mama mkwe kasema mbele ya watu wote kwamba kwa kazi ya jukwaa amenifungulia mwiko. Amekubali kunitazama! Kesho tunasugua wote, bega kwa bega. Watu wakapiga vigelegele. Vigelegele, jamani! Hakuna hata mmoja aliyenipa pole, mimi niliyenusurika kufa kwa ajili ya samaki.

Jumatano, 11 Juni
Nimesugua asubuhi nzima. Mama mkwe kasimama nyuma yangu, ananionyesha nilipobakiza. Udhalilishaji mtupu! Magoti yanawaka moto. Lakini kichwa changu hakilalagi. Jioni hii nimekumbuka jambo: ukoo wetu una mwiko wa ndege. Nafikiri ni mnandi. Kama si mnandi, basi kuanzia leo ni mnandi. Hatumli, hatumgusi, na mavi yake hata kuyatazama ni mkosi. Kesho asubuhi na mapema namweleza Werema. Safari hii hana pa kunishika.