Herufi za Gazeti Lenu Zimekonda

Kijiji cha Msimbu,
Kisarawe.
Machi, 1979

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za baraza letu zima. Mimi ni Mwinyijuma Adamu, mkulima wa mihogo na mikorosho, na ni mhitimu wa darasa la kisomo cha watu wazima. Kila Ijumaa tukitoka msikitini mimi ndiye ninayewasomea watu gazeti lako, maana betri za redio hazipatikani tena. Barua hii anaiandika mke wangu, Sikuzani, tuliyesoma naye darasa moja. Ningeweza kuiandika mwenyewe vizuri tu, ila nina shughuli.

Nina malalamiko, nayo nayapanga kwa namba kama tulivyofundishwa.

1. Herufi zenu zimekonda. Wakati wa kisomo herufi zilikuwa na afya, unaikuta A imesimama ubaoni kama ngazi. Siku hizi zimekuwa sisimizi, na tena hazitulii mahali pamoja. Najua nchi iko vitani, sukari shida, sabuni shida. Lakini wino nao jamani? Kama mmeamua kubana matumizi mngetangaza, tukajua.

2. Bwana mganga wa zahanati ananiambia eti kasoro ni macho yangu, nikatafute miwani. Nimesikitika sana. Macho haya yanamwona nyani akiwa shambani ng'ambo ya bonde, na nyani mwenyewe analijua hilo. Leo yashindwe na herufi, kitu ambacho hata hakikimbii? Mwandishi wangu anakohoa hapa. Usimjali.

3. Gazeti lako limeanza kunibishia. Pale barazani, kwenye mkeka wa pembeni, hukaa akina mama ambao watoto wao wamekwenda vitani, na mwanangu Isihaka yuko huko huko. Ijumaa iliyopita niliwasomea kwamba vijana wote wa Msimbu ni wazima, wanakula wali na wanatusalimu sana. Basi Mzee Hemedi akanipokonya gazeti, akalipekua mbele na nyuma, akadai ukurasa ule una bei ya korosho tu. Nilitahayari mbele za watu. Mhariri, jambo nikishalisoma hadharani, si haki gazeti lije kusema lingine. Naomba uchapishe masahihisho, useme kwamba mlikosea ninyi.

4. Mwalimu Justa wa kisomo amezipata habari hizo, sasa anataka sisi wazee tuliofuzu tupimwe upya. Haya ni mambo gani? Mtu akishatoka jandoni harudishwi kukaguliwa. Anayestahili kupimwa ni mpiga chapa wako, na mimi niko tayari kusimamia mtihani huo.

Kwa hiyo ninaomba mtoe gazeti maalumu la wazee, lenye herufi kubwa kama zile za ubavuni mwa lori. Habari zisipoenea, punguzeni zile mbaya, maana ndizo zinazokula nafasi. Mkikataa, itabidi niache kusoma, na Hemedi atashika kiti changu. Yeye husoma kila kitu kama kilivyoandikwa, hana huruma kabisa. Sasa hao akina mama watakuja kusikiliza nini?

Nisalimie wapiga chapa wote pamoja na huyo aliyekosa, wauza magazeti wa mjini, utingo wa basi anayetuletea gazeti, na mama watoto wako kama unaye.

Ni mimi, msomaji wako asiyekata tamaa,
Mwinyijuma Adamu

N.B. Ndugu Mhariri, hapa naandika mimi Sikuzani. Mzee amekwenda kuoga. Nimeyaandika yote aliyosema, sikupunguza neno, kwa hiyo usinihesabie utovu wa adabu. Herufi zenu ni zile zile za siku zote, mimi nazisoma bila taabu. Gazeti likifika hulipitia kwanza jikoni, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta jina la Isihaka. Sijaliona, wala la kijana mwingine wa hapa. Nikimaliza nalikunja kama lilivyokuwa, nampelekea mzee, kisha najitanda kanga nakwenda kukaa mkekani na wenzangu, nimsikilize akituambia kuwa watoto ni wazima. Nakuomba sana, ndugu yangu, msikuze hizo herufi mpaka wanetu warudi.