Notisi ya Miezi Mitatu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Naacha kazi. Yaani, siachi. Naandika kwamba naacha, Madam anashtuka, ananibembeleza, nabaki. Nabaki nikiwa nimekalia kiti cha maana.

Ndiyo, sababu ni kiti. Mwaka jana dada wa mapokezi alitoa notisi, Madam mwenye studio akamsihi asiondoke, na wiki ileile kikaletwa kiti cha kuzunguka, chenye mgongo na mahali pa kuegemeza mikono. Mimi, mpiga picha mkuu wa studio hii (na wa pekee), mwaka wa tisa huu nakalia stuli ya mbao yenye ufa. Ufa unabana. Unabana wapi, sitaandika.

Swali ni notisi ya muda gani. Mkataba unasema mwezi. Wiki moja ni ya mtu anayetoroka. Mwezi ni wa kila mtu. Nikamwendea Fundi Fremu, anayetengeneza fremu chumba cha nyuma, mtu ambaye salamu yenyewe huitoa kwa kupima. Leo kaweka nyundo chini kabisa! Akasema mtu wa hadhi yangu hatoi chini ya miezi mitatu. Muda mrefu ndiyo heshima, na Madam atapata nafasi ya kunibembeleza bila presha. Akaniazima na kalamu. Kumbe ana roho nzuri, mimi tu nilikuwa simjui.

Mama watoto sijamwambia. Ya nini kumtia wasiwasi kwa jambo lisilotokea?

Jumanne, 4 Juni

Nimekabidhi barua baada ya chai ya Madam, maana kabla ya chai hasikii la mtu. Nilivaa uso wa mtu aliyeumizwa lakini amesamehe. Niliufanyia mazoezi kwenye kioo.

Akasoma. Akarudia kusoma. Nikangoja machozi. Akasema asante sana! Akasema vijana wa siku hizi wanayeyuka tu, simu hawapokei, na kwamba uungwana kama wangu hajauona tangu afungue studio. Miezi mitatu inatosha kabisa kumfundisha mtu mwingine. Akamwita Fundi Fremu. Hakuhitaji kupaza sauti, Fundi Fremu alikuwa mlangoni. Amevaa shati jipya.

Halafu ikaja habari ya picha. Studio ina desturi yake: anayeaga vizuri hupigwa picha ikatundikwa juu ya kaunta. Mfagizi wa zamani yuko pale, na mhasibu aliyestaafu yuko pale. Nikasema bado mapema mno. Madam akasema la leo lifanyike leo, na akampa Fundi Fremu kamera aanze kujizoeza. Akabonyeza mara moja. Nilikuwa nimefumba macho. Nikaomba irudiwe, Fundi Fremu akasema hapana, imetoka vizuri, nimetulia.

Fremu zilizobaki zilikuwa nyeusi tu. Alasiri nikawa nimeshatundikwa.

Jumatano, 5 Juni

Madam hajaanza kubembeleza. Mvumilivu hula mbivu, na mimi muda wa kuvumilia ninao.

Nafundisha mrithi wangu. Nimemfundisha vibaya, kwa makusudi. Nimemwambia picha ya kitambulisho hupigwa kwa ubavu na mteja lazima acheke. Amesikiliza kwa adabu, akaitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka, kisha akaenda kupiga kinyume cha kila nilichosema. Picha zimetoka safi sana. Mtu huyu hana shukrani.

Alhamisi, 6 Juni

Makubwa! Asubuhi nilikuwa nyuma ya pazia la maporomoko, lile lililochorwa maji na upinde wa mvua kwa ajili ya maharusi, nashona lilipochanika. Akaingia mwalimu mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi. Akatazama ukutani. Akavua kofia. Akamuuliza dada wa mapokezi ilikuwa lini. Dada, macho kwenye simu, akajibu Jumanne. Akauliza kama ilikuwa ghafla. Akajibiwa ghafla kweli, hata sisi tumeshangaa.

Mwalimu akasema poleni sana. Akasema nilikuwa mtu wa watu, ingawa sikuwahi kumpiga picha yenye masikio yote mawili. Nusura nitoke nijitetee. Sikio lake la kushoto limekaa nyuma mno! Lakini nikajizuia, kwa sababu wazo lilikuwa limeshanijia. Waache waomboleze. Madam akisikia ninavyopendwa, lazima moyo wake ulainike, na kiti kitakuja.

Nimeshinda nyuma ya maporomoko. Wamenililia mwenye duka la dawa, kinyozi na bibi mmoja nisiyemjua. Nimefarijika sana. Bahati mbaya Madam alishinda kwa daktari wa meno, hakusikia hata neno.

Ijumaa, 7 Juni



Madam alikuwepo leo, nami nikajificha mapema. Ghafla akaingia mwanamke akapiga ukelele mmoja mkali. Akalia kilio cha kweli, cha kujipiga kifua. Nikafurahi. Nikasema huyu ndiye, huyu atamaliza kazi, ngoja alie kidogo zaidi. Akalia zaidi. Akasema mwanangu ameachwa mjane na hakuna hata aliyempigia simu.

Nikaitambua sauti. Mama mkwe! Alikuja kupiga picha ya kitambulisho.

Nikatoka mbio kupitia katikati ya maji, pazia likachanika upya, nikajikuta mbele yake na sindano mkononi. Nikamwamkia. Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena, kisha akanipiga na mkoba. Mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima hata mkono hatupeani! Amenipiga mara kadhaa. Amehema, akauliza kama ni mzima kwa nini nimetundikwa. Nikafungua mdomo. Fundi Fremu akawahi. Akasema kwa upole, ameacha kazi, mama.

Na kumbe mama mkwe alikuwa ameshampigia mama watoto simu, katikati ya kilio.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumbani pamepoa. Mama watoto ana maswali matatu tu. La kwanza, je, nina kazi nyingine? Sina. La pili, kwa nini basi? Nikamweleza habari ya kiti. La tatu, je, nilipanga kumwambia lini?

Akasema jana alikaa chini sakafuni, simu mkononi, akiwaza atawaambia nini watoto. Sasa ninaishi, na bado hajui atawaambia nini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Niliona vibaya, kweli niliona vibaya, nikamwahidi kwamba Jumatatu narudi kwa Madam kufuta notisi yangu, bila ujanja.

Watoto wameweka mto juu ya kiti changu cha mezani. Sijui nani kawaambia.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeenda. Nimeomba. Madam hakukasirika, ila amesema kamera ameshamkabidhi Fundi Fremu, na wateja wanamsifu kwa masikio. Nafasi iliyo wazi ni ya kutengeneza fremu. Nikasema naichukua. Nikamwomba basi aishushe ile picha. Akasema iache tu hapo, kuipandisha tena itakuwa usumbufu.

Nilipopita chumba cha kupigia picha nikaona kiti. Kipya, cha kuzunguka, bado kina nailoni. Fundi Fremu amekikalia. Nikamuuliza Madam, huyu naye alitoa notisi ya muda gani? Akashangaa. Akasema Ijumaa alimwambia tu kwamba stuli inabana, Jumamosi kikanunuliwa. Akaniuliza miaka yote hii mbona sikusema? Nikamjibu sipendi kusumbua watu.

Stuli imehamishiwa chumba cha fremu. Ni yangu. Ufa umeongezeka.

Nimefikiri mchana kutwa nikigonga misumari, na nimelipata kosa. Notisi ilikuwa ndefu mno! Ukimpa mtu miezi mitatu, anazoea. Anapanga. Anafundisha wengine. Ningetoa notisi ya siku moja, Madam angechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa hubembeleza. Nimemuuliza Fundi Fremu, akasema siku moja ni sawa kabisa, hata nusu siku inafaa. Ameniazima kalamu ileile.

Mama watoto nitamweleza mambo yakishakaa sawa. Barua iko mfukoni, kesho baada ya chai naikabidhi. Na kama ni lazima nipigwe picha tena, safari hii sifumbi macho.