Josho la Sufuria

Felician alikuwa kibandani Endagikot anakunywa chai ya kukopa aliposikia mtu anapiga sufuria kwa mwiko na kuitukana. Alikuwa Mama Marieta, mwokaji wa keki wa kwaya. Keki yake ilikuwa imeshika: juu imetoka, chini imebaki.

Mtu mwingine angeona keki iliyoharibika. Felician aliona alumini, na mnunuzi wa skrepa wa Katesh akihesabu noti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usinisemeshe, naongea na sufuria."

"Sufuria haina kosa, mama. Ina kupe."

Mwiko ulisimama hewani.

"Kupe wa sufuria," alisema Felician kwa uchungu wa bwana mifugo. "Hawaonekani kwa macho. Wanauma unga toka chini, ndiyo maana keki haiachii. Ng'ombe akiwa na kupe unamfanyaje?"

"Nampeleka josho."

"Sasa kuna josho la sufuria Nangwa, limefunguliwa juzi, bure kabisa. Sufuria ikioga pale, keki inatoka yenyewe kama mgeni aliyesikia kesho kuna kulima. Ila zikusanywe zote, za kwaya nzima. Ukiacha moja itaambukiza zizi."

Mama Marieta akaguna. "Lete gari Ijumaa."

Basi Felician akaenda kwa Bonaventura kukodi lori lake la Kenta. Hela hakuwa nayo, akaweka rehani pikipiki yake, ambayo ndiyo ilikuwa mali yake yote hapa duniani. Hata kitanda alichokuwa analalia kilikuwa cha shemeji.

"Jumamosi jioni gari liwe hapa na hela yangu," Bonaventura alisema. "Lisipofika, pikipiki ni yangu."

Felician alicheka. Jumamosi sufuria zingekuwa zimeshauzwa.

Ijumaa asubuhi sufuria zilikuwepo, mlima mzima. Kwaya nayo ilikuwepo, imevaa vitenge vya sare, na gunia la unga, trei za mayai, ngoma na mbuzi mmoja. Wote wakaanza kupanda.

"Mama, josho ni la sufuria tu!"

"Umeona wapi ng'ombe anaenda josho bila mchungaji? Wewe mtu wa wapi?"

"Na unga?"

"Si lazima tujaribu zikishaoga? Au hutaki tujaribu?"

"Na mbuzi?"

"Mbuzi anatusindikiza."

Tapeli hawezi kumfukuza mtu aliyemwamini kupita kiasi. Felician akaona bora awaache njiani, Dongobesh, wakishuka kunywa chai. Lakini Glory, mwanakwaya mwenye sauti nzito na mwili unaolingana nayo, alikaa naye mbele, na kila gari liliposimama alichomoa funguo. "Zisije zikapotea, kaka," alisema, akazitia kifuani, mahali ambapo mwanamume mwenye akili haendi kutafuta.

Walipofika Nangwa, wanakwaya walimwelekeza kona kwa kona mpaka kwenye boma lenye turubai. Vigelegele vikalipuka. Mzee mmoja akapaza sauti: "Wapishi wa keki wamefika! Harusi ipo!"

"Harusi ya nani?" aliuliza Felician.

"Ya Judith, mtoto wa dada yangu," alisema Mama Marieta, akishuka taratibu. "Kesho."

Asubuhi ya Jumamosi Felician alisimama jikoni akimwangalia. Mama alipaka sufuria mafuta, akanyunyiza unga, akaizungusha mpaka ukashika pande zote, akakung'uta uliozidi. Keki ilipoiva aliiacha ipoe kidogo, akapitisha kisu pembeni, akapindua. Ikadondoka nzima, laini kama shavu la mtoto.

"Mama! Mbona haikushika?"

"Ishike kwa nini? Naoka tangu hujazaliwa."

"Na ile ya Endagikot?"

"Ile nilisahau kuipaka mafuta. Akili yangu yote ilikuwa kwenye nauli ya kwaya. Mwezi mzima tumekosa gari. Halafu ukaja wewe na kupe wako."

Felician alinyosha mkono. "Naomba funguo, mama. Gari la watu."

"Leo harusi, kesho misa, Jumatatu tunamaliza masalia. Jumanne utaturudisha."

Jioni simu ikaita. "Felician," alisema Bonaventura, "hii pikipiki ina kiti kizuri."

Kabla hajajibu, spika ikamwita: "Sasa mfadhili wetu, aliyetutolea gari bila senti tano, aje mbele atupe neno!"

Ngoma zikalia. Glory akamsukuma mpaka katikati ya watu. Felician, ambaye alikuwa ameishi kwa maneno toka utotoni, akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Karibuni keki," alisema.