Nyota Tumboni mwa Bwana Mkubwa

Jumatatu, 9 Machi
Bwana Mkubwa, mbwa wa Bibi, hataki kula. Anatapika. Fizi njano, macho njano. Daktari wa wanyama ni mgeni. Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Bibi naye hajui lugha yake; mimi naisoma shuleni. Basi mimi, nisiyethubutu hata kumwambia kinyozi inatosha, nikawa mkalimani. Daktari anashuku mfuko wa nyongo: dawa, chakula kisicho na mafuta, kesho apigwe picha. Nilitafsiri vyote. Kisha mdomo ukajiendea. Nikaongeza kwamba mgonjwa alale ndani, kitandani, na mtu mkimya. Nyumba hii mkimya ni nani kama si mimi? Miaka yote namwomba Bibi, anasema mbwa ni wa nje.

Jumanne, 10 Machi
Bibi amesema mkimya ni yeye. Mimi huongea usingizini. Bwana Mkubwa amelalia mto wa Bibi. Mimi nimeambulia manyoya kwenye soksi.

Kliniki walimnyoa tumbo, wakampiga picha. Nyongo imeganda, daktari akasema, mfuko unaweza kupasuka. Kesho apasuliwe, utolewe wote. Mbwa huishi bila huo. Nilitafsiri neno kwa neno. Bibi akanitazama juu ya miwani.

“Jana kitanda, leo mnyama anaishi bila mfuko wa nyongo. Wewe mtoto, chumvi imezidi.”

Akamvuta mbwa kamba, twende nyumbani. Bwana Mkubwa angekufa kwa sababu ya uongo wangu wa kitanda. Nikamwomba daktari, kwa sauti ya mbu, amgeuzie Bibi skrini.

Duara jeusi, mfuko wenyewe. Ndani yake nyota, miale imesambaa hadi kingoni. Ndani ya mbwa anayetafuna viatu. Bibi, aliyechinja kuku maisha yake yote, alisogea hadi pua ikagusa skrini. Akasema polepole kwamba nyongo ikipasuka inaharibu kila kitu. Kamba ikalegea mkononi.

“Mwambie aitoe.”

Jumatano, 11 Machi
Daktari alionya kwamba mbwa wengine hawaamki baada ya kupasuliwa. Nilitafsiri kwa shida. Bibi alinishika mkono, hakuuliza kama nimeongeza.

Baadaye daktari akatuletea kibakuli. Kimfuko kidogo, kama yai la njiwa. Ndani ute wa kijani unaokaribia weusi, unang'aa. Bibi akanong'ona: makubwa haya. Chumba cha pili mkia ukapiga meza, taratibu. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Jumatatu, 16 Machi
Fizi zimekuwa za waridi tena. Daktari amesema apumzike, asiruke. Bibi amenitaka nitafsiri kweli tupu. Nikatafsiri: apumzike, asiruke, na akae na kijana asubuhi zote za shule, hasa kesho, kuna mtihani wa hisabati.

Bibi ameuliza kama daktari kasema hivyo kweli. Nimemjibu kwamba kwa lugha yake inasikika vizuri zaidi.