Vidole Saba Verandani

Jumatatu, 2 Juni 2003
Nimegundua mnyama! Yumo ndani ya jiwe moja la mazeras, yale mawe bapa ya sakafu waliyotandaza juzi kwenye veranda ya ofisi ya walimu, hapa shuleni Nkubu. Kichwa kimefutika. Mkia hakuna. Mguu mmoja waonekana, na mingine utaiona ukiinama sana. Kiumbe wa zamani mno, wa wale wa kwanza kutembea kwa miguu minne. Akiwa wa aina mpya, ataitwa kwa jina langu. Mithika! Riungu wa Jiografia ana tangi la maji tu lenye jina lake, na linavuja.

Jumanne, 3 Juni
Riungu amekuja kuchungulia. Mbele ya walimu wote akasema, "Hiyo ni omena imekanyagwa, mwalimu." Wakacheka mpaka chai ikawapalia. Mimi mandazi yalinishinda kwa hasira. Omena, kidagaa cha sokoni! Nimempigia simu mtaalamu wa mabaki ya kale, Nairobi. Anakuja Ijumaa. Ameonya nisiguse kitu.

Jumatano, 4 Juni
Nimehesabu vidole vya ule mguu. Saba! Balaa gani hii? Nimefundisha Biolojia miaka kumi na sita, na mnyama wa miguu minne hazidishi vidole vitano. Riungu akiviona atasema ni miba ya pezi. Mdomo wake naujua.

Alhamisi, 5 Juni
Saa ya michezo nimeleta patasi na tupa. Vidole viwili vimeondoka. Vimebaki vitano, safi, kama vya kitabuni. Mwalimu mkuu, Madam Makandi, akauliza vumbi ni la nini. Nikasema nafagia. Akanishukuru.

Ijumaa, 6 Juni
Siku ya mkosi! Daktari Rahema, yule mtaalamu wa Nairobi, amefika, akapiga magoti, akatazama kwa lenzi. Akasema jiwe limeharibika, na kumpanga mnyama huyu katika kundi lolote ni kazi ngumu. Vidole tu ndivyo vingesaidia. Eti wale wa kwanza kabisa walikuwa na sita, saba, hata vinane! Angeona saba, angelia kwa furaha. Vitano ni vya kila mjusi. Halafu akauliza nani amekwaruza hapa. Nikamtazama Riungu.

Mtaalamu gani huyu anayeficha elimu? Si angeniambia kwenye simu! Ameandika "hajulikani" akaenda zake. Riungu ananiita Mwalimu Omena, na sasa hata mpishi ananiita hivyo.

Jumamosi, 7 Juni
Bado nimekasirika. Kosa lote ni la Riungu. Asingetaja samaki, nisingeshika tupa. Leo nimezunguka shule nzima nikikagua mazeras. Nyuma ya choo cha walimu nimepata jiwe jingine, na mguu mwingine, wazi kabisa. Lakini vidole ni vinne. Vinne tu! Daktari anataka saba.

Patasi nimeshainoa.