Arobaini Yangu, Tatu ya Chrispin

Jumanne, 4 Juni
Kiangazi kimeingia. Bomba la mtaa wetu hapa Kadutu limekauka. Colombe anapanda mlima na bidoni ya maji kichwani kutoka chemchemi ya bondeni. Colombe: jirani, mshonaji, mjane. Akicheka nyuma ya ukuta, nasahau chai mdomoni. Leo ametangaza kwamba atakayejaza pipa lake kwa mashine, Jumapili atakula kwake samaki wa sambaza na mboga ya lengalenga. Miaka yote hii naijua harufu tu ya sufuria yake. Nataka kukaa kwenye meza ile. Nataka anipakulie kwa mkono wake.

Bahati mbaya, Chrispin kinyozi naye alisikia.

Jumatano, 5 Juni
Chrispin amepata motopompe, mashine ya kuvuta maji! Nilijifanya nataka kunyolewa, nikachungulia kibati cha namba kwenye mashine. 3. Tatu! Nilicheka hadi akanikata sikio.

Alhamisi, 6 Juni
Nilikwenda Kavumu kwa shemeji Grégoire, mkulima wa kabichi. Nilimbembeleza, nikazisifu na kabichi zake. Akaniazima motopompe yake. Kibati: 40! Baada ya namba kuna herufi ndogo. Kwa Chrispin m³/h, kwangu l/min. Alama za kiwandani, hazinihusu. Arobaini ni arobaini.

Nikamwambia Colombe kwamba yangu inaipita ya Chrispin zaidi ya mara kumi. Akasema tutaona Jumamosi. Lakini alivyolisema hilo "tutaona", kwa sauti laini! Nimelirudia moyoni jioni nzima.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu. Mapipa mawili sawasawa, mashine mbili, watu wote wa mtaa wamesimama. Pipa la Chrispin likafurika. Langu bado lilikuwa na nafasi ya kuogea bata. Nikadai kwamba maji ya upande wangu ni mazito. Watu wakacheka. Colombe hakucheka. Aliinama, akasoma kibati kimoja, akasoma cha pili, akaniwekea mkono begani.

"Papa Gentil, yako inahesabia dakika, ya Chrispin inahesabia saa. Mètre cube moja iko litres mille. Ile trois yake, ukigawa kwa dakika soixante, iko litres cinquante kila dakika. Yako iko quarante tu."

Yaani kwa dakika yeye hamsini, mimi arobaini. Nusu ya hesabu sikuisikia. Mkono ulikuwa bado begani.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani nilikaa nyuma ya Colombe na Chrispin. Mchana harufu ya sambaza ikavuka ukuta. Nikamsikia Colombe akimwuliza Chrispin kama amwongezee. Chrispin akakubali, mlafi yule. Nilikula ugali wa jana peke yangu na nikalia kidogo. Bega hili sijaliosha.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeelewa! Colombe mwenyewe alinifundisha, ila mimi nilikuwa mzito. Kosa langu ni dakika. Nani anajisifu kwa dakika? Kwa saa, mashine yangu inatoa litre elfu mbili na mia nne. Na kwa nini niishie kwenye saa? Kwa siku nzima: elfu hamsini na saba na mia sita!

Nimekwangua kibati, nimeandika kwa rangi nyekundu: 57 600. Chrispin abaki na tatu yake. Shemeji Grégoire amepiga simu, anadai mashine, kabichi zinanyauka. Zivumilie.

Shati liko juani. Likikauka tu, nabisha kwa Colombe. Hakuna mwanamke wa kumnyima sahani mwanamume wa elfu hamsini na saba.